Aliyekuwa Akitoa Amekufa: Mahdali wa Kilwa na Bei ya Ukarimu

Maskini walipomwendea Sultani Daudi bin Suleiman wa Kilwa kumwomba kitu, jibu lake lilikuwa moja: aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutoa. Maneno hayo tumeletewa na Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331. Wageni, anasema, walikuwa wakikaa mlangoni kwa Daudi miezi na miezi, mwisho wakapewa kidogo sana, hata wakaacha kwenda. Huyo "aliyekuwa akitoa" ni ndugu yake Daudi, al-Hasan bin Suleiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisoma habari hii kama kisa cha ndugu wawili, mmoja mkono wazi na mwingine bahili. Siku hizi naisoma vingine. Naamini Daudi alikuwa akisema kweli tupu. Hazina ilikuwa imepwaya, na yeye ndiye aliyerithi sifa ya nyumba isiyoweza tena kuilipia sifa hiyo. Ukiitazama Kilwa kutoka kwenye sentensi ile moja, unauona ukoo wote wa Mahdali, jinsi ulivyopanda, jinsi ulivyoporomoka, na kwa nini ulichukua karibu miaka mia mbili kuanguka hadi chini.

Wengi wetu tuliisoma Kilwa shuleni kwa mistari mitatu. Mji ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, Ibn Battuta akausifu, Wareno wakaubomoa. Katika mistari hiyo hamna siasa ya wenyewe. Watu wa Kilwa wanajenga, wanafanya biashara, kisha wanapigwa. Hakuna anayekosea, hakuna anayepindua serikali, hakuna anayemtoa mwenzake kwa adui. Mimi nasema Francisco de Almeida, jemadari wa Wareno, na watu wake waliposhuka pwani mwaka 1505, waliingia katika nyumba iliyokwisha kuliwa na mchwa kutoka ndani, na mchwa wale walianza kula siku zile zile za sifa.

Mahdali hawakuwa wa kwanza kukalia kiti cha Kilwa. Kabla yao kulikuwa na nasaba inayojiita ya Washirazi, iliyoanzishwa, kama mapokeo yasemavyo, na Ali bin al-Hasan, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Kila mtu wa mwambao anakijua kisa hicho. Zamani wataalamu walikiona hadithi tu. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na jina la Ali bin al-Hasan likiwamo, zikiwa za karne ya 11. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa kwa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani yetu, Kilwa ikiwamo, nao umeonyesha kwamba tangu karibu mwaka 1000 familia za miji hii zilikuwa na mama wa Kiafrika na baba wengi wenye asili ya Uajemi. Kwa hiyo wazee hawakuwa wakitunga kila kitu. Lakini naishikilia ile picha ya nguo, kwa sababu inaonyesha mji ule ulivyojielewa: Kilwa ilianza kwa kutoa. Aliyetaka kutawala alitandaza mali kwanza.

Karibu mwaka 1277 kiti kikachukuliwa na al-Hasan bin Talut. Tarikhi ya Kilwa, ile ya Kiarabu iliyoandikwa karne ya 16, haifichi jambo: inasema aliutwaa usultani kwa nguvu, akisaidiwa na watu wake. Nyumba yake ilikuwa ya masharifu wa Mahdali, asili yao Yemen, na hapo ndipo penye uzito wa mambo. Mtu aliyenyakua kiti anahitaji haki ya kukikalia, na sharifu anayo moja ambayo mfanyabiashara hawezi kuinunua, nayo ni kumhusu Mtume kwa damu. Ila nasaba ya aina hiyo haijithibitishi yenyewe. Inathibitishwa na masharifu wengine wakija kwako, wakila kwako, wakaondoka wakikutaja.

Mwana wa al-Hasan bin Talut, Suleiman, alitawala miaka 14. Aliuawa akitoka msikitini. Tarikhi haituambii kwa urefu nani alimuua wala kwa nini, lakini tukio lenyewe latosha kutuonyesha kwamba kizazi cha pili cha Mahdali bado kilikuwa na maadui waliothubutu kumvizia mfalme mlangoni mwa nyumba ya ibada. Wakati huo mwanawe al-Hasan alikuwa safarini. Alikuwa ameondoka akiwa kijana wa miaka 14 kwenda Aden kusoma, akakaa huko miaka miwili, kisha akaenda Makka kuhiji. Ndugu yake Daudi alimshikia kiti, na aliporudi akamwachia bila ugomvi. Huyu Daudi ndiye yule yule wa baadaye. Mtu anayerudisha usultani aliokabidhiwa si mtu wa tamaa, na hii ni sababu nyingine inayonifanya nimwamini aliposema hakuna cha kutoa.

Basi al-Hasan anarudi, hujaji, msomi, mwana wa aliyeuawa. Anafanya nini? Anafungua mikono. Ibn Battuta alikuta kwake masharifu wa Hijazi, na anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za Wazanji wa bara, akitenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ya ngawira kama sheria isemavyo, na fungu la jamaa wa Mtume akiliweka kando mpaka masharifu wafike wapewe. Walikuja hata kutoka Iraki. Wasomaji wengi huona hapo ucha Mungu. Ulikuwapo, sina shaka nao. Lakini tazama hesabu ya kisiasa. Ukoo uliotwaa kiti miaka hamsini tu nyuma unawaita mashahidi wa damu yake kutoka Makka na Madina, unawalipa, nao wanarudi kwao na habari kwamba huko Kusini, mwisho wa pepo za kaskazi, yuko sultani sharifu. Kila zawadi ilikuwa muhuri juu ya hati ya umiliki.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha fakiri wa Yemen. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka kusali, fakiri alimsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia katika chumba cha khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabu. Mtoto wa sultani akamfuata fakiri, akazichukua nguo za baba yake, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo hilo, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa naomba tusipite haraka. Watu ishirini walibadilishana mikono ili nguo moja ya mfalme ipate sifa. Msafiri aliyetusimulia hakuona haja ya kutaja jina la hata mmoja wao, wala walikotoka. Lakini tunajua walikotoka, kwa maana yeye mwenyewe ametwambia kuhusu uvamizi wa bara. Ule ukarimu tunaoujivunia tunaposimulia makuu ya Kilwa ulilipwa na vijiji vya ng'ambo ya mkondo, na sisi leo tukiwa watoto wa pande zote mbili za mkondo huo hatuwezi kuhesabu upande mmoja tu. Nimewahi kuwasikia watembezaji wageni wakikisimulia kisa hiki pale magofuni kwa fahari, na kila mara kinaishia kwenye nguo.

Kuna neno lingine la Ibn Battuta linalopitwa na wengi. Anasema zawadi za huko nyingi zilikuwa pembe, na dhahabu ni mara chache. Ajabu, maana Kilwa ilikuwa mlango wa dhahabu! Sababu ni kwamba dhahabu haikuwa mali ya kugawa. Ilikuwa mali ya kupita, na Kilwa ilikula kwa kupitisha.

Huo mpango uliwekwa na upepo. Kaskazi huvisukuma vyombo kutoka Uarabuni na Uhindi kuja kwetu kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huvirudisha kuanzia Aprili. Nahodha aliyetoka Aden au Gujarat aliweza kufika Kilwa na kurudi kwa msimu mmoja, kwa kubana. Akitaka kushuka hadi Sofala, msimu ulimwishia njiani, akalazimika kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo walioishika Kilwa waliishika njia yote ya kusini. Vyombo vya Waswahili vilileta dhahabu ya Sofala, iliyochimbwa na kuoshwa katika nyanda za juu zilizotawaliwa wakati huo na Zimbabwe Kuu, na mgeni alinunua Kilwa akilipa ushuru wa mwenye bandari. Na ilikuwa saa njema. Florence ilianza kupiga sarafu ya dhahabu mwaka 1252, Venice ikafuata mwaka 1284. Miji ya Ulaya ilikuwa na kiu ya dhahabu, na kiu hiyo ilivutwa kupitia Misri na Bahari ya Shamu hadi ukingoni mwa kisiwa chenye minazi na mikoko. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Suleiman ilipatikana Zimbabwe Kuu yenyewe katika miaka ya 1970.

Sarafu zake ni kitu cha kushika mkononi na kufikiri. Za shaba zimeokotwa kwa maelfu. Za dhahabu zinajulikana chache mno, nazo zina jina la sultani na jina la Kilwa, pamoja na lakabu ya kifalme, al-Malik al-Mansur, mfalme aliyenusuriwa. Maandishi ya upande mmoja yana kina na maandishi ya upande wa pili, kama mishororo miwili ya ubeti: upande huu anajikabidhi kwa Mola, upande ule linakuja jina lake na la baba yake. Sultani wa Waswahili anaweka mizani ya shairi kwenye pesa ya kununulia samaki! Sijui kwingi duniani ambako wamefanya hivyo.

Kisha akajenga. Alipanua Msikiti Mkuu mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, kwa kuba na matao, na nguzo zilizochongwa kila moja katika bonge moja la tumbawe. Akajenga pia Husuni Kubwa. Jengo hili liko juu ya mwamba, mbali kidogo na mji kwa upande wa mashariki, ngazi zikishuka hadi pwani. Lina vyumba zaidi ya mia moja, ua wa kupokea watu, hodhi ya kuogea yenye pembe nane, na upande wa kusini ua mkubwa sana uliozungukwa na vyumba vinavyoonekana kuwa maghala. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilifukua katika miaka ya 1960, akakuta na jiwe lililochongwa jina la al-Hasan bin Suleiman. Kusini mwa Sahara hapakuwa na jengo la mawe la namna ile kwa upana na mpango wake.

Nimesimama pale mara mbili, na mara zote mbili jambo lililonishika ni umbali. Mji wa Kilwa uko magharibi, msikiti uko huko, watu wako huko. Babu zake sultani huyu waliuteka mji na kukaa ndani yake. Yeye alihama akajitenga juu ya mwamba, na maghala akaenda nayo. Baba yake aliuawa akitoka msikitini kati ya watu. Sioni ajabu kwamba mtoto alitaka ngazi yake mwenyewe ya kushukia baharini. Ila mfalme anayeishi kwa kutoa hawezi kukaa mbali na wanaopokea bila kuongeza gharama: watumishi, chokaa, boriti za mikoko, mafundi wa kuchonga, chakula cha wageni wa miezi. Jengo halikumalizika. Wafukuzi waliona sehemu ambazo kazi iliachwa, na dalili kwamba lilikaliwa muda mfupi tu. Ndani yake ilikutwa chupa moja ya kaure ya China, ya enzi ya Yuan, ikiwa imevunjika.

Basi huu ndio urithi aliouchukua Daudi: kasri isiyokwisha, msururu wa wageni, na jina la ndugu linaloitwa baba wa vipawa. Msikiti nao uliporomoka. Kuba zile nzuri hazikudumu, na Tarikhi inasema watu walikaa muda mrefu wakisali chini ya mahema na vivuli vya kupigwa. Kwa karibu karne moja, mji uliokuwa ukisifiwa na dunia ya Kiislamu haukuwa na uwezo, au haukuwa na nia, ya kusimamisha upya paa la msikiti wake wa Ijumaa. Mahdali waliendelea kutawala muda wote huo. Mmoja alikufa vitani bara, mwingine akiwa safarini kuhiji. Sarafu zikaendelea kutolewa. Lakini mfalme asiyetoa ni nani katika nchi iliyozoea kwamba kutawala ni kutoa?

Karne ya 15 ilileta afueni. Msikiti ulijengwa tena wakati wa Suleiman bin Muhammad al-Malik al-Adil, aliyetawala kati ya miaka ya 1420 na 1440, nao ndio huu ambao kuba zake tunaziona hadi leo. Kisa cha ujenzi ule nakipenda kuliko vyote. Mtu wa nyumba ya kifalme alimwomba sultani ruhusa ya kuujenga msikiti kwa mali yake mwenyewe. Sultani akaona haya, akasema bora achukue kwake mithkali 1,000 za dhahabu, mithkali ikiwa kipimo cha uzito wa dhahabu. Yule bwana akazipokea, maana hakutaka kumvunjia sultani heshima. Akajenga kwa fedha zake. Sultani alipokufa, akazirudisha mithkali zote 1,000 kwa warithi, hazijaguswa.

Ni kisa cha watu waungwana kweli, na nina hakika aliyekiandika alikusudia tuwapende. Nami nawapenda. Lakini soma kilicho chini yake. Kazi iliyofanywa na Abu al-Mawahib kama mfalme sasa inafanywa na mtu binafsi, na mfalme anapewa heshima ya kuonekana ametoa. Mkono unaotoa umehama, na siku zote mamlaka hufuata mkono huo.

Yalifuata yale tuliyotarajia. Kuelekea mwisho wa karne ya 15, wenye nguvu Kilwa walikuwa mawaziri na maamiri. Sultani wa Mahdali aliwekwa, akaondolewa, akawekwa mwingine, na hutuba ya Ijumaa ikaendelea kutaja jina la mtu ambaye neno lake halikupita mlango wa baraza. Wakati huohuo dhahabu ilibadili njia. Zimbabwe Kuu ilihamwa katikati ya karne ile, utawala ukasogea kaskazini kwa Mutapa karibu na Zambezi, na wafanyabiashara wakapata njia za mto zinazoikwepa Sofala. Angoche, pwani ya Msumbiji ya leo, ikainuka, na mapokeo ya huko yanasema waliouanzisha mji walitoka Kilwa, wamechoshwa na kwao. Mombasa na Malindi zilikuwa zikivuta vyombo vya Uhindi. Forodha ya Kilwa ilibaki na jina kubwa na mizigo michache.

Katika hali hiyo, karibu mwaka 1495, Amiri Ibrahimu alimwondoa na kumuua Sultani al-Fudhail, akashika nchi mwenyewe. Hakuwa Mahdali. Hakuwa na ile hati ya damu ambayo al-Hasan bin Talut aliingia nayo, na watu wa mji walilijua hilo. Miaka mitano baadaye, Julai 1500, merikebu za Mreno Cabral zikatia nanga.

Lazima nilitaje neno la Tarikhi kuhusu Wareno, kwa maana linafuta ile picha ya wenyeji waliopumbazwa na wageni. Mwandishi wake, aliyezaliwa mwaka 1499 na hivyo kukua katikati ya mambo hayo, anasema wajuao ukweli walithibitisha kwamba hao walikuwa watu wa ufisadi na hila, hawakuja ila kuipeleleza nchi. Walijua. Shida ilikuwa kwamba kujua kunahitaji serikali ya kulifanyia kazi, na Kilwa ilikuwa na mnyang'anyi kwenye kiti, ukoo wa kifalme uliokatwa kichwa, na matajiri waliokuwa wakijipimia upande wa kuegemea.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Ibrahimu kukubali kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu, kwa vitisho vya kuupiga mji mizinga. Ibrahimu alimtoa rehani tajiri mmoja wa mjini, Muhammad Ankoni. Mwaka 1505 akaja Almeida. Kodi ilikuwa haijaendelea kulipwa. Tarehe 24 Julai askari walishuka, Ibrahimu akakimbilia bara, mji ukaporwa. Wareno wakajenga ngome, kisha wakamvika taji yule yule Ankoni waliyewahi kumshika rehani.

Hapo linatokea jambo linalonifanya nimheshimu Ankoni, pamoja na kwamba alipokea taji kutoka kwa waporaji. Alipokabidhiwa nchi aliomba kwamba baada yake kiti wasikipate wanawe, kirudi kwa mtoto wa al-Fudhail. Mfanyabiashara aliyepewa usultani na mizinga ya kigeni bado aliona kwamba mwenye mji ni Mahdali! Mamlaka yalikuwa yametoweka, mali imetoweka, lakini ile hati iliyopigwa mihuri na zawadi za Abu al-Mawahib miaka mia na sabini nyuma ilikuwa bado ina thamani kwa watu wa Kilwa. Ankoni aliuawa mwaka uliofuata. Walioingia baada yake waligombana mpaka Wareno wenyewe wakachoka, wakaiacha ngome mwaka 1512. Mahali pale leo tunapaita Gereza, na wageni wengi hawajui kwamba neno hilo limetokana na neno la Kireno la kanisa.

Urithi wao uko wapi? Magofu, ndiyo. UNESCO iliyaingiza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya hatari mwaka 2004 kwa jinsi bahari na mizizi ilivyokuwa ikiyala, ikayatoa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na waliofanya kazi ile, wakiwamo watu wa kisiwani, wanastahili shukrani kuliko wanayopata. Jina nalo lipo, kwa maana masharifu wa Mahdali wangali wanajulikana mwambaoni. Sarafu zimesafiri kuliko watu. Mwaka 1944 askari wa rada aliyekuwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu tisa mchangani, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa.

Kwangu mimi urithi mkubwa zaidi ni Tarikhi yenyewe. Iliandikwa baada ya kila kitu kupotea. Mji umeporwa, ngome ya kigeni imesimama na kuachwa, na mtu fulani akakaa chini kuandika nani alitawala miaka mingapi, nani alitoa, nani aliuawa, nani alirudisha mithkali 1,000. Toleo jingine lilimfikia João de Barros, akaliingiza katika kitabu chake cha mwaka 1552, na ile ya Kiarabu ilinakiliwa Unguja karne ya 19, Sultani Barghash akampa balozi wa Uingereza John Kirk, hadi leo iko London. Naielewa kazi ile kama zawadi ya mwisho ya nyumba ya vipawa. Hakukuwa tena na pembe wala nguo za kumvulia mgeni. Walibaki na masimulizi, wakayatoa. Ndiyo maana nasikitika kwamba mtoto wa Kilwa Masoko, anayeliona gofu la Husuni kutoka ng'ambo kila asubuhi, anaweza kumaliza kidato cha nne bila kusomewa ukurasa mmoja wake kwa Kiswahili. Asomewe wote, na wale ishirini wa fakiri wamo.

Dhahabu ya mwaka 1502 ilifika Ureno. Mfalme Manuel I aliamuru itengenezwe chombo cha kanisa cha kuonyeshea hostia, ule mkate mtakatifu wa misa, kwa ajili ya monasteri ya Belém, na sonara Gil Vicente akakimaliza mwaka 1506. Kiko katika jumba la makumbusho la sanaa za kale, Lisbon, na watu hukatia tiketi kwenda kukitazama. Kwenye kitako chake kuna maandishi yanayotaja jina la mfalme aliyeagiza, na kwamba dhahabu ni ya kodi ya Kilwa. Jina la aliyetoa halimo.